UZI: Kengele ya mama yalia mchana, usiku kimya. Ukuta, betri au jirani?

#1 MwanaMkomani
Assalaam alaykum. Nyumba ya kale Mkomani, mji wa Lamu, mawe na chokaa, ghorofa moja juu. Mama ana miaka 79, magoti mabovu, analala ndani kabisa, na choo kina kidato kimoja cha kushuka. Amefungiwa kengele ya mlango isiyo na waya: kitufe yuko nacho shingoni, risiva, ile inayolia, iko kwa jirani ng'ambo ya wikio (daraja la juu linalounganisha nyumba mbili). Mchana akibonyeza jirani anasikia kila mara. Usiku mara inalia, mara kimya, na kitaa chekundu cha kitufe kinawaka vilevile.

Dai langu: ukuta ni uleule mchana na usiku, kwa hiyo ukuta hauna kosa. Basi nini? Na aliye na njia nyepesi zaidi ya mzee kuita akiwa chini sakafuni, bila kutafuta simu, aiweke hapa.

#2 FundiRedio_Langoni
Wa alaykum salaam. Anza na betri. Vitufe vingi vya aina hiyo vinatumia 23A, kile kidogo cha volti 12, au kidonge cha CR2032 cha volti 3. Kitaa kuwaka si ushahidi wa kitu. Kitaa kinatosheka na umeme mdogo sana, lakini kurusha mawimbi kunadai zaidi, na betri iliyochoka volti zake huporomoka pale pale kitufe kinapobanwa.

Ukiipima na mita ikiwa imelala peke yake utasoma 12 ufurahi bure. Fungua kifuniko, weka ncha za mita kwenye vyuma vya betri, mtu abonyeze, usome wakati huohuo. Ya volti 12 ikishuka chini ya 10, tupa. Tena angalia vyuma vyenyewe: hapa kwetu chumvi ya hewani inaota ukungu wa kijani. Futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha kabisa, paka vaselini nyembamba sana.

#3 Chokaa_na_Boriti
@MwanaMkomani ukuta ni uleule ndio, lakini mama si palepale. Mchana akijaribu kengele yuko wapi? Yuko msana, ule ukumbi mrefu wa mbele ya chumba cha ndani, au kwenye kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, anaota hewa. Hapo juu ni wazi, mawimbi yanapanda yanatoka. Usiku yuko ndani, chumba cha nyuma kabisa kisicho na dirisha la nje. Nyumba hizi zimepangwa makusudi hivyo: daka (ukumbi wa mlango wa mbele), tekani (kipito cha kuingilia), kiwanda, msana, kisha ndani, kila hatua ni ukuta mwingine. Ukuta mmoja wa matumbawe na chokaa unafika nusu mita, na pengine zaidi chini. Toka ndani mpaka kwa jirani hesabu kuta tatu ukipenda nne. Hiyo "mita 300" iliyoandikwa kwenye boksi ni ya uwanjani, watu wanatazamana.

Jaribu mchana, mama amelala kitandani mwake. Isipolia, uzi umekwisha.

#4 StimaImerudi
Uzi haujaisha. Jirani anachaji simu wapi usiku? Anachomoa risiva, anachomeka chaja, asubuhi anarudisha. Siku zote ni hilo. Na kama risiva ni ya plagi ya miguu miwili iliyowekwa kwenye adapta ya miguu mitatu, adapta zile hulegea, ukipita na kikapu ukaigusa imezimika na hakuna anayejua. Kisha kuna stima yenyewe. Ikikatika saa nane usiku, risiva ya kuchomeka imekufa, kitufe cha mama kinawaka tu.

Nunua risiva ya betri, zile zinazokula AA mbili au tatu. Kitufe kimoja kinaweza kufundishwa kwa risiva zaidi ya moja: kwenye nyingi unabana kitufe cha risiva mpaka ilie mlio mmoja, kisha unabonyeza kitufe cha shingoni, basi zimejuana. Weka ya stima na ya betri, zote mbili kwa jirani.

#5 BintiShela
Kuta nne, betri mbili, jirani mmoja. Mpeni mama siwa ya makumbusho, lile baragumu kubwa la kale, apulize, mji mzima utaamka mpaka kijijini Matondoni 😄

#6 Nahodha_Mstaafu
Bintiye, siwa ile uzito wake mama hawezi hata akiwa mzima wa magoti. Na pumzi yake ataitoa wapi?

#7 Muuguzi_Pwani
Cheko ni sadaka, lakini nitie hesabu ya muda. Kwetu Isha ni kama saa moja na nusu usiku, alfajiri ni karibu na saa kumi na moja. Aliyeanguka baada ya Isha, kama hana wa kumsikia, ana saa tisa sakafuni. Hilo linaweza kuua, hata kama anguko lenyewe halikumuumiza. Msuli uliolaliwa muda mrefu unaanza kuharibika, uchafu wake unakwenda kwenye figo. Ngozi ya nyonga na kisigino inachubuka kwa kukandamizwa. Mzee wa kisukari anakosa maji na dawa. Ukimkuta mtu amelala chini muda mrefu na mkojo wake ni rangi ya chai ya rangi, hospitali mara moja, hata kama anasema hana maumivu.

Na msidhani asiyeumia atainuka. Utafiti wa Marekani uliotoka kwenye jarida la JAMA mwaka 1993 ulikuta wazee 47 katika kila 100 walioanguka bila kuumia waliwahi kushindwa kuinuka wenyewe. Kwa hiyo swali la kuita ni la kila mzee, si la aliyevunjika tu.

#8 MwanaMkomani
Shukran. Betri imepimwa ikiwa imebanwa, 11 na ushei, kwa hiyo siyo. Jirani ameapa risiva haichomolewi. Kutoka kitandani mchana: imelia. @Chokaa_na_Boriti uzi unaendelea.

#9 Nuru_ya_Taa
Sasa sikilizeni. Usiku kuna kitu ambacho mchana hakipo: taa. Balbu za LED za bei ya chini na chaja za simu za mitaani zina saketi ya kukatakata umeme haraka haraka, nazo hutoa kelele ya redio. Risiva ya kengele za bei nafuu ni ya aina rahisi mno, masikio yake yamefunguliwa kwa kila sauti. Balbu mbovu ikiwa mita moja au mbili toka risiva, mlio dhaifu wa kitufe unazama ndani ya kelele. Mlio wenye nguvu unapita. Ndiyo maana mara inalia, mara kimya.

Jaribio: usiku, jirani azime balbu zote na kuchomoa chaja zote za chumba kile, risiva ibaki peke yake. Bonyezeni mara kadhaa. Kisha washa moja moja.

#10 Chokaa_na_Boriti
Balbu hiyohiyo ingeharibu na redio ya jirani, mbona hasemi?

#11 Nuru_ya_Taa
Redio ya FM iko megahezi 88 hadi 108, kengele nyingi za aina hii ziko 433. Si lazima moja ikiugua na nyingine iugue. Ukitaka kusikia kelele yenyewe chukua redio ya masafa ya kati, isogeze kwenye chaja, utasikia ikikoroma.

#12 FundiRedio_Langoni
@Nuru_ya_Taa naafiki nusu. Hata kelele ikiwapo, dawa ni kuongeza nguvu ya kusikia. Risiva nyingi ndani yake antena ni waya mfupi umezungushwa. Ukichomea kwa risasi waya ulionyooka wa sentimita 17 na milimita 3, uning'inie wima, umbali unaongezeka sana. Kipimo hicho ni robo ya wimbi la 433, usiongeze wala usipunguze kwa kukisia.

#13 Kapasita
@FundiRedio_Langoni SIMAMA. Kipimo ni sawa, ushauri ni wa hatari. Risiva za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi nyingi hazina transfoma. Umeme wa 240 unapunguzwa kwa kapasita tu, maana yake saketi nzima pamoja na antena inaweza kuwa na moto wa stima. Utatoa waya wa sentimita 17 nje ya boksi, mtoto wa jirani ataushika. Antena ya nje ni kwa risiva za betri PEKE YAKE. Ya stima usiifungue kabisa.

#14 FundiRedio_Langoni
Ya betri ndiyo iliyokusudiwa, kaka. StimaImerudi alishaitaja juu.

#15 Kapasita
Kilichokusudiwa hakikuandikwa. Humu wanasoma watu wenye bisibisi mkononi.

#16 TangiLimejaa
Mmesahau maji. Mitaa mingi maji yanatoka usiku, matangi ya juu yanajaa. Maji yanameza mawimbi. Tangi la lita 1,000 likikaa kati ya choo cha mama na dirisha la jirani, usiku limejaa, adhuhuri limekaa nusu. Ndiyo tofauti ya mchana na usiku mnayoitafuta.

#17 BintiShela
Jina lako na hoja yako ni ndugu. Kesho utasema na mwezi mpevu.

#18 Chokaa_na_Boriti
Tangi si hoja ya kucheka, ila liwe kwenye njia hasa. @MwanaMkomani tangi liko wapi? Mimi bado nasema kuta, na naongeza milango. Mchana milango ya msana iko wazi, usiku inafungwa na jirani naye anafunga dirisha lake la upande wa wikio. Mbao nene ya mlango wa kale haizuii kama jiwe lakini inapunguza.

#19 Nahodha_Mstaafu
Tuwacheni mawimbi kidogo. Vipo vitu havina betri.

Honi ya baiskeli, ile ya mpira wa kuminya. Hauhitaji pumzi, hauhitaji nguvu ya vidole, kiganja au hata kiwiko kinatosha. Ifungeni ukutani kwa parafujo, urefu wa kiganja kimoja toka sakafuni: moja chooni, moja kando ya kitanda, moja mguuni pa ngazi. Mpira ukianza kupasuka kwa joto badili. Kipenga sikipendi kwa wazee: asiye na meno hakishiki, mwenye mbavu zinazouma hana pumzi. Mwenye kupenda kipenga achukue kisicho na kijiwe ndani, kijiwe hukwama kwa mate na chumvi, na akifunge kwenye mkongojo.

Alama moja tu iwe ya hatari: milio mitatu, kimya, mitatu tena. Jirani akisikia mmoja ni mtoto anacheza.

#20 Kapasita
Honi ni nzuri kwa nyumba yenye watu ndani. Kupita ukuta wa nusu mita sauti hiyo haifiki kwa jirani ila dirisha liwe wazi. Tuwe wakweli hapo.

#21 Nahodha_Mstaafu
Ndiyo maana huwekwa upande wa kiwanda, kijana. Sauti inapanda, inatoka juu, inamwaga kwenye mapaa. Mwadhini husikika vipi?

#22 Kapasita
Kwa spika, Ami.

#23 RamaniNaVipimo
Kwenye choo, kamba ndiyo inayoshinda vyote. Kiwango cha Uingereza cha majengo yanayofikika, BS 8300, kinataka kamba nyekundu yenye vipete viwili vyekundu vya kipenyo cha milimita 50: kimoja kati ya milimita 800 na 1000 toka sakafuni kwa aliyekaa, cha pili milimita 100 tu kwa aliyelala chini. Hicho cha chini ndicho watu wanachokisahau. Anayeanguka hafikii kamba iliyoishia kiunoni.

Kwa nyumbani: kamba ya nailoni nyekundu (ya pamba inaoza kwa unyevu wa choo), kigurudumu kidogo cha kupitishia kamba kwenye boriti ya dari, na mwisho wake kengele ya shaba inayoning'inia upande wa kiwanda au dirisha la wikio. Vipete: kata bomba la maji la plastiki lenye kipenyo hicho, upana wa vidole viwili, lainisha kingo kwa msasa. Kamba ishuke karibu na ukuta ili isimnase mtu miguu, na isipite juu ya mlango.

Ukitaka iwe ya umeme, kamba hiyohiyo ivute swichi ya kuvuta inayowasha taa nje ya dirisha. Taa inabaki inawaka hata mzee akiachia. Kengele ya mkono inanyamaza akichoka.

#24 MwalimuWaJioni
Tatizo la kamba ni moja kila mahali: anayepiga deki anaikunja juu na kuifunga fundo ili isilowe. Miezi inapita. Siku ya kuhitajika iko mita moja na nusu juu. Mwambieni msaidizi wa nyumba wazi, na kila Ijumaa mtu aivute ya chini kabisa aone inalia.

#25 KabambeDaima
Mnahangaika. Simu za kabambe, zile ndogo za vibonyezo, za wazee zipo zenye kitufe cha SOS mgongoni. Unabana kama sekunde tatu, inapiga king'ora na kuanza kupigia namba ulizoweka, nyingi zinachukua hadi tano, moja baada ya nyingine, na spika inafunguka yenyewe. Haina ukuta wala wikio.

#26 StimaImerudi
@KabambeDaima ina mitego yake, na uijue kabla hujamwekea mzee. Mtego mkubwa: namba ya kwanza ikiwa imezimwa na ina ujumbe wa sauti, mashine inapokea, simu ya mzee inahesabu kuwa imepokewa, inaacha kupigia wengine. Kila mtoto aliye kwenye orodha apige ##002# kwenye simu yake, inaondoa uhamisho wote wa simu. Pili, salio. Laini isiyo na salio inalia king'ora tu. Weka salio na utumie laini hata kidogo kila mwezi, laini iliyolala muda mrefu hufungwa. Tatu, wa kwanza kwenye orodha awe aliye karibu. Mtoto aliye Jeddah au Nairobi awe wa mwisho, maana atapiga simu Lamu kutafuta mtu, na dakika zinakwenda.

Simu ya kawaida ya vibonyezo: kubana namba 2 muda mrefu kupigia mtu aliyewekwa hapo kunafanya kazi ikiwa vibonyezo havijafungwa. 112 hupigika hata vikiwa vimefungwa. Simujanja nyingi za Android 12 kwenda juu, mpangilio wa dharura ukiwashwa, mtu anabonyeza kitufe cha kuwashia mara tano mfululizo.

#27 Muuguzi_Pwani
Na simu iwekwe wapi? Juu ya meza ni sawa na kutokuwa nayo. Ishonewe mfuko wa kitambaa unaofungwa kiunoni chini ya leso. Wamama wengi pesa wanaziweka kwenye pindo la leso, lakini simu ni nzito, inaponyoka wakati wa kutawadha. Kitufe cha shingoni kiwe na kamba inayokatika ikivutwa kwa nguvu. Kamba ngumu ikinasa kwenye kitasa au ukingo wa kitanda inaweza kumkaba.

#28 SaaYaMkononi
Saa zinazotambua anguko zenyewe? Apple Watch inafanya hivyo toka Series 4 ya 2018. Anguko kubwa likitokea na mtu akabaki bila kujongea kama dakika moja, inapiga yenyewe simu ya dharura na kuwatumia ujumbe watu aliowaweka. Kwa aliyejisajili na umri wa miaka 55 kwenda juu huwashwa yenyewe.

#29 Kapasita
Inataka iPhone karibu au laini yake ndani ya saa, na nyingi zinataka chaji kila siku. Mzee anaivua kuichaji lini? Usiku. Tena wazee wengi hawaanguki kwa kishindo. Wanateleza polepole wakishikilia ukuta, wanaketi chini, hawainuki. Saa inaona mtu amekaa.

#30 Muuguzi_Pwani
Hilo la kuteleza polepole ni kweli, ndilo la kawaida.

Lakini sasa nitie neno linalonikera kwenye nyuzi hizi zote. Kuna utafiti wa Cambridge uliochapishwa BMJ mwaka 2008, wazee waliozidi miaka 90. Wengi walikuwa na kitufe cha kuitia. Walipoanguka wakakaa chini muda mrefu, wengi hawakukitumia. Kitufe kizima, betri nzima, mtu yuko sakafuni na habonyezi. @MwanaMkomani una hakika zile usiku za kimya mama alibonyeza kweli?

#31 MwanaMkomani
Anasema alibonyeza.

#32 BintiShela
Wangu wangesema "nilibonyeza" kwa heshima, huku hawakugusa. Ni haya. Kumwamsha jirani saa nane, mtu wa watu, na wewe umeanguka na nguo ya kulalia!

#33 MwalimuWaJioni
Kwa wengine haya ni kidogo, hofu ni kubwa. Akiita mara mbili, watoto wataitana, uamuzi utakuwa "mama ahamie Mombasa". Anaona afadhali sakafu ya nyumba yake. Hofu hiyo haiondolewi na kengele, inataka ahadi mbele ya mashahidi kuwa kuita si hoja ya kuhamishwa.

#34 Nahodha_Mstaafu
Na wapo wanaosema "nitainuka sasa hivi". Anangoja nguvu irudi, saa zinapita.

#35 FundiRedio_Langoni
Mimi naona sababu ni ya ufundi. Anabonyeza, hasikii kitu. Hajui kama imelia upande wa pili. Anabonyeza tena, kimya, anakata tamaa. Weka kengele ya kurudi: jirani naye awe na kitufe, risiva yake iwe chumbani kwa mama, mlio tofauti. Jirani akisikia anabonyeza chake, mama anasikia "nimekusikia, naja". Bei ni kengele ya pili tu. Chagua mlio mfupi. Na mfunzeni: bana, hesabu mpaka tatu, achia, ngoja, rudia. Kugusa na kuachia haraka hakutoshi. Zile za vitufe visivyo na betri, zinazojizalishia umeme kwa kubonyezwa, nazikataa kwa wazee. Zinataka kidole chenye nguvu, na mwenye baridi yabisi hana.

#36 Ukumbini_Malindi
Salaam kutoka Malindi, Maweni. Huku nyumba nyingi ni chini tu, matofali na mabati. Kengele ya 433 inafika mpaka geti bila shida kwa sababu inatokea madirishani, ingawa mabati ya juu yanarudisha mawimbi. Shida yetu siyo ukuta, ni geti. Jirani anasikia, anakimbia, geti limefungwa kwa ndani. Mnazungumza kuita, hamzungumzi kuingia.

#37 Chokaa_na_Boriti
Hoja nzito kuliko zote humu. Milango ya Lamu ndiyo kabisa: komeo la ndani, mbao ngumu, kuuvunja ni kazi ya saa na ni dhambi kwa mlango wenye nakshi. Usiku mzee anatia komeo kwa mazoea. Badala yake kitasa cha ufunguo kinachofunguka nje, komeo liondolewe kabisa maana likibaki atalitia. Ufunguo wa pili kwa jirani, si kwa mtoto aliye Mkunguni. Visanduku vya namba vya kuwekea ufunguo vipo, fungeni ndani ya daka pasipopigwa na mvua, lakini vigurudumu vya namba hushika chumvi: vizungushwe kila wiki na vipuliziwe silikoni, siyo mafuta ya kula.

Nyumba yenye wikio ina njia ya pili. Mlango wa wikio ukiwapo na haujazibwa, huo ndio wa dharura.

#38 Ukumbini_Malindi
Na wa ng'ambo akishaingia afanye nini? Wengi wanamshika makwapani na kumnyanyua.

#39 Muuguzi_Pwani
Wasimnyanyue. Kwanza aulizwe, aguswe, atazamwe miguu. Mguu mmoja ukiwa mfupi na wayo umegeukia nje, shuku nyonga imevunjika: asikalishwe, asisimamishwe. Wekeni mto kati ya miguu, mfunge miguu pamoja kwa leso, juu na chini ya goti. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu na amegonga kichwa aende hospitali hata akiongea vizuri.

Asiye na maumivu makali ainuke mwenyewe, ninyi mnaelekeza tu. Ageuke ubavu, ajiinue kwa kiwiko mpaka magoti na mikono. Sogezeni kiti imara mbele yake, mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu ukanyage mbele, asukume, na kiti cha pili kiwe tayari nyuma yake akalie. Apumzike hapo kabla ya kusimama, kizunguzungu kinakuja.

#40 StimaImerudi
Na kumshusha ngazi za nyumba ya kale? Machela haikati kona.

#41 Muuguzi_Pwani
Nyonga nzima: kiti cha mbao chenye mgongo, afungwe kwa leso kifuani, mmoja juu anashika mgongo wa kiti, wawili chini wanashika miguu ya mbele ya kiti, uso wake utazame chini anakokwenda. Nyonga mbovu: shuka nene la kukunjwa mara mbili, watu sita, wawili kila upande na wengine kichwani na miguuni, polepole. Kisha mkokoteni wenye godoro kwenye vichochoro mpaka hospitali ya King Fahd. Walio Shela au Matondoni wajue mapema ni boti gani inalala na petroli. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa pamoja na ya nahodha.

#42 TangiLimejaa
@MwanaMkomani hukujibu tangi liko wapi.

#43 MwanaMkomani
Liko juu ya choo. Upande wa wikio 😐

Matokeo ya usiku: balbu na chaja za jirani zimezimwa, kengele imelia. Zimewashwa, imelia. Balbu ya ngazi ya jirani peke yake, imelia, kisha haikulia, kisha imelia. Milango yote ya msana ilikuwa imefungwa.

#44 Nuru_ya_Taa
Balbu ya ngazi! Badilisha.

#45 Chokaa_na_Boriti
Milango! Fungua urudie.

#46 TangiLimejaa
Saa ngapi tangi lilijaa?

#47 FundiRedio_Langoni
Risiva ya betri, dirishani, antena wima, waya wa 17.3. Mtagombana na balbu mpaka Maulidi.

#48 MwanaMkomani
Naweka risiva zote mbili, ya stima na ya betri, na kamba ya choo yenye vipete. Kitasa cha mlango wa mbele kinabadilishwa Jumamosi. Aliye fundi mlango aseme: kufuli gani haishiki kutu hapa ufukoni?

#49 Chokaa_na_Boriti
Mwili wa shaba tupu, siyo chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Jaribu kwa sumaku dukani, ikishika rudisha. Upindo wake uwe wa chuma kisichoshika kutu. Na kwa kitasa cha ndani chagua cha mkono mrefu, si cha duara: mwenye vidole vya baridi yabisi anakishusha kwa kiwiko.